Gunia la Bi Tusekile

Diwani Mwasulama alikuwa na wimbo mmoja kila mkutano: bangi ni bangi, hata ukiipa jina la dawa. Siku moja akamvamia Bi Tusekile, aliyekuwa akimchemshia mumewe majani hayo kumtuliza maumivu ya saratani.

"Toa gunia lote, mama. Nakwenda kulichoma."

"Lichukue, baba. Ila ulichome kweli."

Juma lililofuata diwani akasimama mkutanoni, anakohoa, macho mekundu.

"Huyu mama ni tapeli. Gunia zima lilikuwa majani makavu ya muhogo."

"Muhogo na bangi vikiungua ni majivu yaleyale," akasema Bi Tusekile. "Wewe ulitambulia wapi, mheshimiwa, motoni au kifuani?"

Diwani akafungua kinywa ajibu, kikohozi kikamtangulia.