Bei ya Friji kwa Bwana Ngwali

Bwana Ngwali wa Tanga aliuza friji mtandaoni, na bei hakuitangaza hadharani hata siku moja. "Njoo inboksi," alisema, kisha alitazama picha ya mteja na kupima atakavyomkamua. Kidawa, muuza juisi, aliambiwa laki tisa. Jirani yake akaambiwa laki sita kwa friji ileile.

Kidawa akamvaa mtandaoni akiwa mubashara, watu tele wakitazama.

"Kaka, mbona bei mbili?"

"Nafanya majaribio, dada. Ndiyo biashara ya kisasa."

"Nikikuletea bei ya chini uliyompa mwingine, utaniuzia hiyo?"

"Ilete! Yoyote niliyoandika kwa mkono wangu, chukua friji."

Kesho yake mteja mwenye picha ya waridi akauliza bei. Ngwali akajibu, "Laki nane, bibi. Kama huna, endelea kutazama picha."

"Haya, baba. Ni mimi, mama yake Rukia."

Ngwali aliruka kitini. Rukia alikuwa mkewe! Akaandika, "Nisamehe mama. Kwako ni bure."

Haukupita muda, Kidawa akafika dukani na mkokoteni, ameshika simu ya mama mkwe wa Ngwali.

"Bei nimeileta, kaka. Bure."

"Huyo ni mkwe wangu! Ile ilikuwa heshima tu, si bei!"

"Sawa. Yuko nje kwenye bajaji, anakunywa juisi yangu kama kila siku. Mwambie mwenyewe kwamba lilikuwa jaribio."

Ngwali akachungulia nje, akauona ushungi wa mkwewe. Akarudi ndani, akainama, akashika friji upande mmoja.

"Nyanyua huko, dada. Tuanze na ya mama."