Kondoo wa Balbino

Katika Roma ya kale jengo la kupigia kura liliitwa zizi, na tajiri Balbino, mgombea, aliwaona wapiga kura kuwa kondoo kweli.

"Watu wangu mia wasimame humu wachungulie kila kura," alimwamuru Fuska, mfagiaji wa zizi hilo. "Ukibisha, huna kazi."

"Humu watakamatwa, mheshimiwa. Wapange nje na marungu. Nani atawapita halafu akukatae? Ila wasibanduke mpaka malango yafungwe."

Balbino akawaamuru vivyo hivyo, akijisifu kwa akili zake.

Jioni alikuwa ameshindwa kwa kura tisini.

"Wale mia wangu walimpigia nani?" alinguruma.

"Wangeingia saa ngapi, mheshimiwa?" Fuska alijibu, akifagia. "Hawakubanduka. Kondoo watiifu mno."