Neno Jema la Mzee Mihambo

Sogeeni mbele, mliokaa nyuma msije mkasema upepo ulichukua maneno. Anayetafuna atafune upande mmoja, upande wa pili auache usikilize. Hadithi yangu haina sungura wala mfalme. Mwishoni nitainuka niende zangu, kesi nitawaachia ninyi.

Palikuwa na watu watatu katika mtaa mmoja wa Tabora, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Luhende, fundi wa televisheni. Kipaji chake kilikuwa kutotupa kitu. Televisheni ikimfia mikononi aliitunza. Mwenye televisheni akifa, aliendelea kuitunza. Simu yake ilibeba kila ujumbe wa sauti uliowahi kutumwa kwenye kundi la mtaa: misiba, harusi, mbuzi waliopotea, na matusi ya waliowapata. Ukimwambia afute kidogo apate nafasi, alikutazama kama umemwambia auze figo.

Wa pili ni Mektilda, mpiga picha na video za harusi. Kipaji chake kilikuwa kukata na kuunga. Harusi ikipoa, watu wamenuna kwa sababu wali umechelewa, Mektilda alichukua vicheko vya harusi nyingine akavipandikiza. Nusu ya ndoa za Tabora zimechekewa na shangazi mmoja wa Urambo ambaye hakualikwa hata moja.

Wa tatu ni Mwinshehe, Mzaramo aliyekuja na reli akasahau kurudi. Kipaji chake kilikuwa sauti za watu. Mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mnyamwezi akifa, Mzaramo haulizi ruhusa: anaingia msibani, anajilaza kwenye mkeka wa marehemu, anasema kwa sauti ya marehemu, anadai uji na analalamika kwamba hauna chumvi. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Mwinshehe aliwahi kumwiga marehemu mmoja mpaka mbwa wa marehemu akaja kutikisa mkia.

Sasa, watu hawa watatu walikuwa na mzee wao mmoja, Mihambo Kazwala, mstaafu wa reli. Mihambo alipenda vitu vinne duniani: muziki, televisheni, picha na programu za simu. Alivipenda kama baba mkali anavyowapenda wanawe, yaani kwa kuvisema vibaya mbele ya wageni. Kila asubuhi akishakunywa chai alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akabonyeza simu, akalitumia kundi zima maoni.

Juu ya muziki alisema, "Gita la kweli unasikia kidole kikiteleza kwenye waya. Kama husikii kidole, unasikiliza friji."

Juu ya televisheni alisema kwamba mwimbaji anayechezesha midomo huku wimbo unatoka kwenye kanda ni mtu anayetafuna bila chakula, na wanaompigia makofi ndio wanaoshiba.

Juu ya picha alimwambia Mektilda uso kwa uso, "Picha uliyoisafisha makunyanzi ni kitambulisho cha mtu ambaye hajazaliwa." Mektilda alicheka, akarudi dukani, akaendelea kusafisha. Wateja hawali falsafa.

Na juu ya programu alisema, "Simu inayonimalizia neno kabla sijalisema inanizika nikiwa hai."

Mkiyapepeta maoni yote hayo, chini ya ungo inabaki punje moja: msinidanganye. Watu walimcheka, wakakasirika, halafu wakaenda wakasikiliza gita upya, wakakisikia kidole. Ndiyo maana watatu wale walimpenda.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu, Nyamizi, aliyeishi Mwanza na kuimba. Siku aliyorekodi wimbo wake wa kwanza, wenye studio waliipitisha sauti yake kwenye programu ya kunyoosha sauti, wakainyoosha mpaka ikawa kama shati la karani wa benki. Nyamizi alimtumia baba yake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee aliusikiliza mpaka mwisho. Jibu hakumpa binti. Alilipeleka kwenye kundi, kama alivyopeleka maoni yake yote.

"Nimeisikia mashine," alisema. "Binti yangu sikumsikia."

Ujumbe ule ulifika Mwanza kabla chakula cha mchana hakijaiva. Kwenye baa walikuwa wanaupiga kwanza, kisha wimbo, kisha wanacheka. Nyamizi akaacha kuimba, akafungua duka la vitenge, na nyumbani hakukanyaga tena. Watu walimwendea mzee wakamsihi ampigie simu. Akasema maoni hayaombewi radhi. Tangu hapo hakumtaja kwa jina wala kwa undugu. Alimwita "yule wa Mwanza".

Kisha mzee akafa, kwa shinikizo la damu.

Nyamizi alikuja. Lakini alifika getini akakaa juu ya jiwe, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri zahanati ifunguliwe. Katika ukoo ule, udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa marehemu, na mtoto alikuwa ndiye huyo mmoja. Bila yeye, wazee hawakukubali jeneza literemke. Baba yake mdogo, Kasanda, akatoka kumwita.

"Ingia, mama, umuage baba yako."

"Nitaingia, baba mdogo. Nileteeni neno moja jema alilolisema juu yangu. Moja tu. Hata kama alilisema usingizini."

Kasanda akarudi ndani kuulizia. Aliuliza majirani, akauliza wazee wa kanisa, akauliza waliocheza bao naye. Kila aliyeulizwa aliangalia viatu vyake, na wengine walikuwa wamevivua. Jua likapanda. Katekista aliyekuja kuongoza mazishi akatazama saa, akaona watu wamemwona, akajikuna mkono pale pale. Wazee wakaanza kunong'ona kwamba wamzike hivyo hivyo, na binti ahesabiwe hayupo, siku ile na siku zote.

Luhende, Mektilda na Mwinshehe wakakutana nyuma ya jiko. Nani alitoa wazo hajulikani. Siku ile kila mmoja alisema ni mwenzake. Baadaye kila mmoja alisema ni yeye.

Luhende alifungua simu yake. Zilikuwamo jumbe za mzee kuanzia ya kwanza kabisa, ambayo hata mzee mwenyewe alishaifuta. Alijua kila neno limelala wapi. Alitoa pale mzee aliposifia santuri ya zamani: "Wimbo huu, kila nikiusikia, najiona nipo nyumbani." Akatoa pale alipoitangaza televisheni yake kuwa mfu, ikawaka, akalazimika kusema, "Nilikosea." Akatoa alipotazama picha ya harusi ya marehemu mkewe: "Hapa hakuna uongo." Akatoa na pale alipomjibu aliyemwekea programu ya kumsomea habari macho yalipochoka: "Ningejua mapema, ningekushukuru." Bila Luhende, maneno yale yangekuwa yamekwenda na pumzi ya mwenyewe.

Mektilda alivipeleka vipande vile dukani kwake, vikiwa vinne, vya miaka mbalimbali, kimoja kina mvua juu ya bati na kingine kina kuku. Aliifuta mvua, akawahamisha kuku wapite kote. Penye kiungo kinachosikika akaweka kikohozi cha mzee mwenyewe. Penye kiungo kirefu akaweka mlio wa kiti cha kamba. Alipomaliza, mzee alikuwa amekaa mahali pamoja, asubuhi moja, akisema jambo moja. Bila Mektilda, yangebaki maoni manne ya mzee mwenye kelele.

Mwinshehe aliusikiliza mara moja, akasema, "Anaongea na nani huyu?" Na kweli, ujumbe haukuwa na mwenyewe. Luhende alitafuta simu nzima neno "mwanangu", halikuwamo. Mzee hakuwahi kulisema kwenye kundi hata kwa mtoto wa jirani. Mwinshehe akafumba macho, akameza mate kama mzee alivyokuwa akimeza, akalisema. Mektilda aliyekuwa anarekodi akageuka kutazama mlangoni. Bila Mwinshehe, zingekuwa sifa zinazopita barabarani kutafuta nyumba.

Wakauingiza ujumbe katika simu ya marehemu, wakaiacha imefunguka kwenye ujumbe ule, mahali ambapo katekista hangekosa kuiona. Katekista hakujua lolote, na hakuna mjumbe mzuri wa uongo kama mtu asiyejua kwamba ameubeba. Akaikimbiza simu getini, akaufungulia.

"Mwanangu. Wimbo huu, kila nikiusikia, najiona nipo nyumbani. Nilikosea. Hapa hakuna uongo. Ningejua mapema, ningekushukuru."

Nyamizi aliomba urudiwe. Ukarudiwa. Lilipofika neno la kwanza akateleza kutoka kwenye jiwe, akakaa vumbini, akalia kilio cha mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Kisha akaingia, akamuaga baba yake, akaenda makaburini akatupa udongo wa kwanza. Watu walishangaa kwamba siku ile mtani hakuiga kitu. Mwinshehe alikaa kwenye benchi kama mgeni.

Matanga yalipoondolewa, Nyamizi alibaki nyumbani kwa baba yake. Alifagia, akapika, na jikoni majirani wakamsikia anaimba. Sauti ilikuwa na mikwaruzo, na kidole ulikisikia. Akatangaza kwamba duka la vitenge anamwachia rafiki yake, na kwamba wimbo ule ataurekodi upya bila mashine, ukianza na neno la baba yake, ili kila aliyecheka asikie.

Kisha akawaita watu waliohangaika msibani. Mezani aliweka gramafoni ya mzee na santuri zake zote. Mihambo alipokuwa hai hakumruhusu mtu hata kuipuliza vumbi, na watatu wale waliitamani kuliko shamba.

"Ujumbe hautoki wenyewe kwenye simu," Nyamizi alisema. "Yupo aliyeutafuta akauweka wazi. Aje kesho kabla sijasafiri, achukue hii. Lakini ni ya mtu mmoja. Sitaigawa."

Watatu wakatoka pamoja, na kabla hawajafika dukani kwa Mektilda walikuwa si pamoja tena.

Luhende akasema, "Nisingetunza mimi, mngekata nini? Hewa?"

"Ulikuwa na gunia la maneno," Mektilda akamjibu. "Hata kamusi ni gunia la maneno, na haijawahi kumliwaza mfiwa."

Mwinshehe akauliza, "Alikaa vumbini kwenye neno lipi? Nijibuni hilo tu." Hakusubiri, akaongeza kwamba yeye ni mtani, na mtani ana haki ya kuingia nyumba ya Mnyamwezi akabeba anachotaka mchana kweupe.

"Mtani hubeba kuku na sufuria, na mwenyewe huvikomboa kwa senti chache," Mektilda akasema. "Tena siku ile hukufanya utani, kaka. Utani kila mtu anajua kwamba unaiga."

Lakini tamaa haikulisikia hilo. Luhende akasema atakwenda peke yake alfajiri. Mektilda akasema akienda, naye atafuata nyuma amweleze binti jinsi kiungo kinavyofichwa kwa kikohozi. Mwinshehe akasema akienda mmoja wao, yeye atalisema lile neno hapo hapo mlangoni, mbele ya Nyamizi, aone linatoka kinywani mwa nani. Walikuwa marafiki waliokula sahani moja. Sasa kila mmoja alikuwa kama ameshika kiberiti karibu na nyumba ya mwenzake, na ndani ya nyumba hiyo analala Nyamizi.

Mwishowe Luhende akauliza, kwa sauti ndogo, mzee angesemaje. Wakamgeukia Mwinshehe, ambaye angeweza kumsemea lolote. Mwinshehe akasema sauti imemkauka.

Asubuhi wakaenda wote watatu, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kubaki nyuma. Nyamizi akafungua mlango, amevaa nguo za safari, gramafoni ameifunga kwenye kitenge kipya. Hakushangaa kuwaona watatu. Akawaamkia, akawakaribisha, wakasema wataongelea hapo hapo.

"Sitaki kuwagombanisha," akasema. "Aliyeuona ule ujumbe anieleze kitu kimoja, nitajua ndiye. Baba alikuwa na hali gani alipousema? Kuna mtu aliyekuwepo akamsikia?"

Basi hapo ndipo nilipowafikisha. Mmoja alitunza, mmoja aliunga, mmoja alisema. Ondoa yeyote, na binti angali juu ya jiwe. Atakayeipokea gramafoni lazima ajibu swali. Akijibu kweli, Nyamizi anafiwa na baba kwa mara ya pili, na safari hii hakuna wa kumfufua. Wimbo utarudi kuwa vitenge. Akijibu uongo, ataondoka na santuri za mzee aliyetaka kitu kimoja tu maishani, asidanganywe, na nchi nzima itamsikia akisema ambacho hakukisema. Wakirudi nyuma wote kimya, ujumbe utabaki hauna aliyeuona, na binti huyu si mjinga, amerithi masikio.

Haya, ninyi mnaopenda kuhukumu mkiwa mmekaa. Gramafoni mnampa nani? Na huyo mnayempa, mnamwagiza ajibu nini? Msinikodolee mimi macho. Nyamizi amesimama mlangoni, anawatazama ninyi.