Mchongoma wa Shekiondo

"Mziba njia naye ni mpitaji." Mmelisikia neno hili leo kwenye kikao cha mipaka, mkacheka, mkataka kujua limetoka wapi. Basi kaeni, wajukuu zangu, maana huko lilikozaliwa hakuna aliyecheka.

Huko mlimani aliishi Shekiondo, mkulima hodari na mbishi wa kuzaliwa. Katikati ya maharage yake ilipita njia ya zamani ya kushukia zahanati. Watu walipita, na mbuzi wao walipita wakionja. Jambo hilo lilimchoma, na kusema kweli alikuwa na haki ya kuchomeka. Akapanda mchongoma kukatiza njia, kutoka korongo hadi korongo, si mstari mmoja bali mitatu.

Desturi ya kule, anayezungushia shamba ua huacha mwanya wa kupita machela, maana mgonjwa hubebwa mabegani. Jirani yake, Kaniki, akaenda kumkumbusha.

"Mgonjwa wako apite barabara kuu," Shekiondo akamjibu. "Kwangu hapana."

Miaka sita mchongoma ukashikana hata kuku hapenyi, na mwenyewe akamtembeza kila mgeni auone.

Masika ya mwaka wa saba mto ukalibeba daraja la barabara kuu. Wiki hiyohiyo Mamboza, binti yake wa pekee, aliyekuja kujifungulia kwao, akashikwa na uchungu. Alfajiri mtoto alizaliwa salama, lakini damu ya mama haikukoma. Wa kwanza kufika na machela alikuwa Kaniki, na vijana wa kuibeba.

Wakateremka mbio mpaka kwenye ua, wakakwama.

"Kateni!" Shekiondo akapiga kelele. "Kateni jamani, mwanangu anakwisha!"

"Tunakata, ndugu yangu," Kaniki akasema, mikono imechanika kwa miiba. "Lakini ulipanda mistari mitatu."

Panga likamponyoka Shekiondo, akaanza kung'oa kwa mikono mitupu, akilia. Nyuma yake sauti ikauliza polepole, "Baba, tumefika?"

"Karibu, mama. Karibu tu."

Mstari wa tatu ulikatika adhuhuri. Kaniki akamtazama Mamboza, akavua koti lake akamfunika uso, na wale vijana wakageuza machela kurudi juu.

Baada ya matanga Shekiondo aling'oa mchongoma wote, shina kwa shina, akakataa kusaidiwa. Siku ya arubaini akambeba mjukuu wake kumpeleka kupimwa uzito. Alipita palepale. Kutoka pale ulipokuwa ua hadi zahanati ni karibu mno, hata jasho halikumtoka, na hilo ndilo lililomkalisha chini mlangoni, mtoto mapajani, akashindwa kuingia.

Muuguzi akamuuliza, "Mzee, kuna nini?"

Akasema, "Mziba njia naye ni mpitaji."