Mkono wa Bibi Kobe Juu ya Boneti

Hapo kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakiuziana magari, Kifaru alikuwa na yadi kubwa kando ya barabara. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini masikio yake yalisikia hata sisimizi akipiga chafya.

Siku moja Kindi alifika kuanza kazi ya kuuza magari. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na kazi hiyo aliitaka kwa moyo wote.

"Unaiona pikapu ile ya bluu?" Kifaru akamwuliza. "Injini ikiwa baridi inakohoa, koh koh koh, na kutoa moshi mweusi. Ndiyo maana kila asubuhi naiwasha mwenyewe kabla wateja hawajaja. Ikishapata moto, inatulia. Mteja wa kwanza mwonyeshe hiyo. Ukisema neno moja juu ya moshi, au ukikosa kuuza gari leo, rudi kwenu. Niko dirishani, nasikiliza."

"Sawa, bosi," Kindi akaitikia, lakini roho ilimuuma.

Mara akaingia Bibi Kobe, muuza kabichi, anajikokota, kwata, kwata.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka gari la kupeleka kabichi sokoni. Miaka yote nabeba mgongoni, na mgongo wenyewe una mzigo wake tayari."

"Karibu uione hii ya bluu. Tazama rangi yake! Viti laini, matairi mapya," Kindi akasema kwa sauti kubwa. Huku akisema, aliushika mkono wa Bibi Kobe taratibu, akauweka juu ya boneti.

Boneti ilikuwa ya moto. Bibi Kobe akashangaa. Yeye ndiye mteja wa kwanza, na gari halijatoka yadi. Nani amelipasha moto, na kwa nini? Akamtazama Kindi usoni. Kindi akatazama mawingu, akaendelea kusifu viti.

"Na ile nyekundu?" Bibi Kobe akauliza, akaenda kuigusa mwenyewe. Ilikuwa baridi kama mtungi. "Hebu iwashe."

Vruum! Ikawaka mara moja, bila moshi. Bibi Kobe akainunua papo hapo, akaenda zake kupakia kabichi.

Kifaru akatoka akipumua kwa nguvu. "Mbona ya bluu bado ipo?"

"Bosi, umenisikia nikiisema vibaya?"

"Hapana. Umeisifu mpaka nimetamani kuinunua mwenyewe."

"Na gari nimeuza?"

Kifaru akakuna pembe yake. "Umeuza. Haya, kesho uwahi."

Kesho yake soko zima lilikuja likimwulizia Kindi, na kila mmoja aligusa boneti ya bluu akaipita. Kifaru alichoka, akamwita fundi aitengeneze injini.

Ndiyo maana mpaka leo mnunuzi akifika yadi hugusa boneti kabla ya kuuliza bei.

Nanyi wanangu, mkiuza kitu, kiuzeni kwa namna ambayo mkikutana na mnunuzi njiani hamtajificha.