Bima ya Mabawa ya Mzee Mkadara

Paukwa.
Pakawa.
Wazee wa nyuma sijawasikia. Paukwa.
Pakawa.
Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipimana homa kwa kushikana masikio, palikuwa na nungunungu mzee, Mzee Mkadara, na mkewe, Bi Mashavu. Akitembea mume, magoti yanalia kwa, kwa, kwa. Akitembea mke, yanalia ko, ko, ko.

Serikali ya nchi hiyo ilikuwa na zahanati mtoni. Wazee walitibiwa bure. Mganga alikuwa Korongo. Alitibu vizuri, ila foleni ilikuwa ndefu. Konokono aliingia foleni na mafua, akafika mbele mafua yamekwisha, akatibiwa uchovu wa foleni.

Siku moja akaja Fisi, amevaa tai. Akawaambia wazee kwamba ana bima yake binafsi. Ukijiunga hupangi foleni. Unakalia mto laini, unaletewa chai ya tangawizi. Malipo ni kikapu cha mihogo kila mwezi ukiandama. Ila ukijiunga, jina lako linafutwa zahanati.

Mzee Mkadara akaupenda ule mto. Mkewe akamuuliza bima hiyo inatibu nini. Mzee akasema mtu mwenye tai haulizwi maswali kama hayo. Akajiunga, peke yake.

Haukupita muda, jino likamshika. Jino la nyuma. Du, du, du. Hali, halali, shavu limevimba kama boga. Akaenda kwa Fisi. Akakalia mto. Akaletewa chai, akashindwa kuinywa.

"Bima yako inatibu mabawa, mapezi na nundu," Fisi akamwambia kwa upole.

"Lakini mimi sina mabawa."

"Ndiyo maana tumekupa kwa bei nafuu."

Mzee akarudi nyumbani. Akawaza na maumivu yake. Kesho yake akachomeka majani ya mgomba kwenye miiba ya mgongo, moja huku, moja huku, akarudi kwa Fisi kusema amevunjika bawa. Alidhani wakishaanza kumtibu, watafika na mdomoni.

Fisi akalitazama jani. Akalinyoosha. Akalifunga bendeji safi kabisa. Kisha akamwambia apande kichuguu aruke, ionekane kama limepona.

Mzee akapanda. Wanyama wakakusanyika. Akaruka. Puu.

Jino lilikuwa palepale, na sasa mguu umeteguka. Fisi akamweleza kwamba miguu haimo kwenye bima. Bawa lenyewe halina kosa, yeye ndiye hakujua kulitumia.

Bi Mashavu wakati huo alikuwa mtoni. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya magoti yake, na sasa zamu yake imefika. Akamwona mumewe anakuja anachechemea, majani yanaburuta, machozi yanamtoka. Korongo akasema jina la mzee halipo, na wazee wanaandikishwa tena mvua zikinyesha. Hawezi kumpa zamu.

"Basi mpe yangu," Bi Mashavu akasema. "Mimi nitaanza nyuma."

Akaenda kusimama nyuma ya konokono. Korongo akaingiza mdomo. Nyofo. Jino likatoka, mguu ukafungwa. Mzee akaenda kusimama nyuma na mkewe mpaka jioni, kwa mguu mmoja.

Mvua zikanyesha, akajiandikisha tena. Baadaye akaja Kima na bima ya macho, ya kuongezea tu, kwa kuwa zahanati haikutibu macho. Mzee na mkewe wakamkalisha. Inatibu nini? Inaanza lini? Tukijiunga, tunapoteza nini? Kima akajibu mpaka sauti ikamkauka. Wakaikubali.

Mzee akatibiwa macho. Akafika nyumbani, akamtazama mkewe kwa muda mrefu.

"Mashavu," akasema, "kumbe umezeeka."

"Mwite Kima," mkewe akajibu. "Bima yake tunairudisha."

Basi enyi wazee, na ninyi watoto mtakaozeeka: kabla hujaiacha bima uliyo nayo, uliza hiyo mpya inatibu nini, na uulize ukiwa mzima. Mto na chai si dawa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye jino bovu aende mtoni mapema.