Mwaka wa Adari Mbili

Nipeni masikio! Mmenipa? Yote mawili? Haya. Nawe Hidaya, ukimfinya mwenzio tena nakutoa nje.

Kale, kale hasa, hata bibi ya bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na mji wa Wayahudi juu mlimani. Mle mvulana akitimiza miaka kumi na mitatu, husimama sinagogini siku ya Sabato, akaisoma Torati kwa kuimba. Na kitabu chenyewe hakina alama za wimbo, wanangu. Wimbo ni wa kukaa kichwani.

Basi Eliabu, aliyezaliwa mwezi wa Adari, akatimiza. Mama yake Tirza akapika, akapika, akapika tena. Babu Gadi akaja siku tisa juu ya punda, kumsikia mjukuu wake. Wote walifurahi, ila Eliabu. Wimbo ulikuwa umemshinda, na hakumwambia mtu. Alijua kesho atamwaibisha babu mbele ya mji mzima.

Ijumaa adhuhuri akarejea safarini Mzee Pinehasi, mtunza kalenda. Akanusa.

"Tirza, pana sherehe gani?"

"Hee, mzee! Eliabu wangu anasoma kesho! Si Adari hii?"

"Adari ipi?"

Kumbe miezi yao hufuata mwandamo wa mwezi, na ili sikukuu zisihame majira, miaka mingine Adari huja mara mbili. Mwaka ule ulikuwa hivyo, na mtoto wa Adari hungoja ya pili. Mzee hayupo, wote wakasahau! Mnacheka? Tirza hakucheka.

"Uuuwi! Na samaki wote hawa nimpe nani?"

"Sisi," akasema Babu Gadi, akanawa mikono.

Eliabu akapumua. Lakini Mzee Pinehasi akaongeza, "Na sehemu ya kusoma itakuwa nyingine. Aanze upya." Lo!

Jumapili asubuhi babu akamwita uani.

"Kaa hapa. Tuanze wimbo."

"Babu, nani kakwambia siuwezi?"

"Mimi mwenyewe nilikuwa siuwezi. Baba yako naye, vivyo hivyo. Ndiyo maana nimekuja mapema."

"Kwa hiyo... ulijua Adari ni mbili?"

"Miaka themanini nahesabu miezi, nisahau huu? Barua ya mwaliko ilipokuja mapema, nikanyamaza, nikapanda punda. Nilitaka mwezi mzima na wewe."

Eliabu akalia, akacheka, wakaanza. Kila asubuhi, wimbo. Kila asubuhi, kosa. Kila asubuhi, tena.

Sikukuu ya Purimu ikaja, watoto wakapiga kelele kila jina la Hamani mwovu, aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, liliposomwa. Sabato iliyofuata Eliabu akasimama. Katikati sauti ikakatika. Akamtazama babu. Babu hakutikisa hata kope. Alitulia tu, kama alivyotulia kule uani. Eliabu akaendelea mpaka mwisho, na watu, kama desturi yao, wakamrushia peremende, moja ikampata babu puani.

"Hiyo yangu!" akasema babu, akaila huku machozi yakimtoka.

Basi wanangu, jambo likikushinda, sema. Nawe ukiliona kwa mwenzio, usimtangaze; kaa naye. Kisa nimekifunga fundo, wa kukifungua ni ninyi. Haya, Hidaya, mwachie mwenzio mkono.